Utafiti wa dawa za minyoo, matende na kichocho: ukiwa Mombasa uingilie mlango gani?

Kila mwaka vijana wakimaliza chuo pale TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa) ama kule Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, wale wa maabara, famasia, baiolojia, afya ya jamii, swali linakuja lile lile: nataka kuingia kwa utafiti wa dawa za haya magonjwa ya huku kwetu, nianzie wapi? Wakisema ya huku kwetu wanamaanisha matende na mabusha, kichocho, minyoo ya tumbo, na kuna wanaoongezea malale na kala-azar (ule wa bandama kuvimba) hata kama hapa Mombasa kumpata mgonjwa wake ni shida. Sawa, tuyaweke yote kapu moja, mana yote yana tatizo moja, ni magonjwa ya watu wasio na pesa, ndo mana yanaitwa magonjwa yaliyosahaulika. Hakuna kampuni itakayopata faida kwa mvuvi wa Vanga ama mama anayechota maji bwawani Kinango, ndo mana mpaka leo tunatumia dawa ambazo nyingine zina umri wa baba zetu.

Sasa mtu akisikia utafiti wa dawa hua anawaza koti jeupe na darubini basi. Kumbe milango iko mitatu na haifanani. Wa kwanza ni kutafuta dawa mpya kabisa, molekuli ambayo haijawahi kumezwa na mtu. Wa pili ni kuchukua dawa ya zamani uipe kazi nyingine ama uichanganye na mwenzake. Wa tatu dawa huigusi hata, unatafiti namna ya kuifikisha kwa watu: shuleni ama nyumbani, mara moja kwa mwaka ama mara mbili, nani agawe, nani anakataa na kwa nini.

Mi sipendi kumzungusha mtu kwa hivyo nakwambia sai: kama unataka kuishi huku Pwani na kazi yako uione ikimfikia mtu kabla hujaota mvi, chagua kati ya wa pili na wa tatu. Wa kwanza ni mzuri sana ila ni wa mwenye subira na aliye tayari kuhama. Alafu hebu tuangalie mmoja mmoja, mana wengi wanaochagua wa kwanza wanauchagua kwa sababu unasikika mkubwa tu.

Dawa mpya kabisa

Huku ndo kwenye kemia yenyewe. Unachukua molekuli kwa maelfu unazijaribu juu ya kimelea kwenye visahani, zinazoua unazibakisha, kisha unaanza kuuliza maswali magumu, je hii inaua na ini la mtu pia? ikimezwa inaingia damuni ama inatoka vile vile? kama kimelea kiko ubongoni itafika? itastahimili joto la stoo ya dispensari isiyo na friji? Nyingi zinafia hapo hapo na hakuna mtu atakaezisikia.

Mfano mzuri kuliko yote ni malale. Zamani mgonjwa akifika hatua ya pili, yani vimelea vishaingia ubongoni, alikua anadungwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, na katika wagonjwa 100 kama 5 walikua wanauliwa na dawa yenyewe. Fikiria daktari anavyojisikia kumdunga mtu kitu kama hicho. Mwaka 2009 ikaja NECT, mchanganyiko wa dawa mbili, salama zaidi lakini bado ni ya kulazwa na kutundikiwa dripu. Wakati huo DNDi, shirika lisilo la faida la kutafuta dawa za magonjwa haya, ambalo lilianzishwa 2003 na KEMRI yetu, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ni mmoja wa waanzilishi (hii watu wengi hawaijui), lilikua lishaanza kupekua makabrasha ya kampuni za dawa, na mwaka 2005 likaiokota fexinidazole ambayo Hoechst ya Ujerumani ilikua imeiacha tangu miaka ya 80. Vidonge tu, siku 10, unameza na chakula. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali Novemba 2018 na Kongo Kinshasa wakaisajili Desemba ile ile. Hesabu mwenyewe, 2005 mpaka 2018, na hiyo ni molekuli iliyokua tayari ishatengenezwa na mtu mwengine!

Nyuma yake kuna acoziborole, hii ndo mpya kweli, vidonge vitatu unameza mara moja yameisha. Ilijaribiwa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208, matokeo yakatoka 2022, na wale wa hatua ya mbali asilimia 95 walikua wamepona walipoangaliwa baada ya miezi 18. Kutoka sindano ya aseniki mpaka vidonge vitatu, kwa kweli kama kuna kazi ya kujivunia duniani basi ni hiyo, na mi sitamkataza mtu.

Lakini rudi Mombasa sasa. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kenya kua malale si tatizo la afya ya umma tena, mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa humu nchini alionekana 2009. Kwa hivyo ukichagua njia hii wagonjwa wako watakua Kongo, kemia yako itafanyika Ulaya ama Cape Town ambako kuna kile kituo cha kutafuta dawa mpya, H3D, alichoanzisha Profesa Kelly Chibale mwaka 2010, na ofisi yako ya karibu kabisa ni Nairobi. Kala-azar hivyo hivyo, majaribio ya vidonge vya miltefosine pamoja na sindano ya paromomycin kwa siku 14 badala ya 17 za matibabu ya kawaida yalifanyika Kacheliba na Kimalel kwa upande wa Kenya, huko Pokot na Baringo, na Ethiopia, Sudan, Uganda. Huku kwetu hakuna. Utakua mtu wa kuja nyumbani Idi na Krismasi.

Dawa ya zamani, kazi mpya

Hapa ndo penye utamu kwa mtu wa Pwani na ndo nitakaa kidogo.

Tuanze na matende. Kenya ilianza kugawa dawa kwa watu wote huku Pwani mwaka 2002, Kilifi kwanza, na dawa zilikua mbili, DEC na albendazole, kila mwaka mara moja. Tatizo la dawa mbili ni kwamba zinapunguza vile vijiminyoo vichanga vinavyoogelea damuni, baada ya miezi vinarudi, kwa hivyo ukikosa mwaka mmoja kama unaanza upya. Alafu watafiti wakauliza swali dogo tu, tukiongeza ivermectin juu yake je? Papua New Guinea wakajaribu, matokeo yakachapishwa 2018: baada ya miezi 12 waliopewa dawa tatu mara moja 55 kati ya 57 hawakua na kijiminyoo damuni, waliopewa mbili walikua 18 kati ya 56. Hakuna molekuli mpya hapo. Dawa zote tatu zilikua ziko kabatini miaka na miaka! Shirika la Afya Duniani lilikua lishapendekeza mchanganyiko huo tangu 2017, na 2018 hiyo hiyo Jomvu hapa Mombasa, pamoja na Lamu, zikawa sehemu za kwanza Kenya kupewa. Na si kila nchi inaweza kuiga, mana penye usubi (ugonjwa wa upofu wa mtoni) DEC inaweza kumharibu mtu macho, na kule Afrika ya kati kwenye ugonjwa wa loa (minyoo ya jicho) ivermectin yenyewe inaweza kumfikisha mtu pabaya. Sisi huku tuko salama kwa hayo mawili. Kwa hivyo dawa moja ni baraka hapa na hatari pale, na mtu wa kuchora huo mpaka ni mtafiti wa mlango huu.

Minyoo ya tumbo nayo. Albendazole tunayowapa watoto shuleni inafanya kazi nzuri kwa minyoo mikubwa ya mviringo, kwa safura inajitahidi, kwa ile midogo inayoitwa mjeledi ni dhaifu sana. Sasa kuna jaribio lilifanywa kwa watoto wa miaka 5 hadi 18 Ethiopia, Msumbiji na hapo Kwale, linaitwa ALIVE, wakachukua albendazole na ivermectin wakaziweka ndani ya kidonge kimoja chenye ladha ya embe kinachoyeyuka mdomoni. Matokeo yametoka Januari 2025. Kwa mjeledi, albendazole peke yake iliponya asilimia 35.9, kidonge kipya mara moja asilimia 82.9, na ukikirudia siku tatu mfululizo asilimia 97.2. Wewe ukiwa umewahi kukaa na darubini za Kwale unajua hizo namba zinamaanisha nini.

Na hapo niseme jambo moja kuhusu kazi yenyewe mana watu wanadhani ni ya kupendeza. Mtoto analeta kikopo cha choo, unachukua kidogo unakipitisha kwenye kichujio, unakipaka juu ya kioo kupitia kikaratasi chenye tundu ili kipimo kiwe kimoja kwa kila mtu, unafunika na selofeni iliyoloweshwa gliserini. Sasa saa inaanza kukimbia. Gliserini inang'arisha kila kitu, mayai ya mjeledi na ya minyoo mikubwa yanabaki lakini ya safura yanafifia, ukichelewa kuzidi saa moja hivi huyaoni tena na utaandika sifuri kwa mtoto mwenye minyoo. Kwa hivyo wanaosoma vioo wanakaa pale pale darasani ama kwenye chumba cha dispensari, feni haifanyi kazi, harufu unaijua, na kila kioo kinasomwa na mtu wa pili asiyejua wa kwanza kaandika nini. Ile asilimia 82.9 imetoka kwa watu kama hao. Mtu anaetaka kua mtafiti mkuu bila kupitia hapo mi nina wasiwasi nae, atakua anasaini namba asizozijua zilikotoka.

Bado kuna ivermectin nyingine, ile ya malaria. Hii si ya minyoo tena, ni kwamba mbu akimuuma mtu aliyemeza ivermectin anakufa. Kwale walifanya jaribio la BOHEMIA, dozi moja kila mwezi kwa miezi mitatu kuanzia mvua za vuli za 2023, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 maambukizi ya malaria yalipungua asilimia 26 kulinganisha na waliopewa albendazole. Majibu yalitoka Julai 2025. Kule Msumbiji jaribio lenzake lilikutana na kimbunga na kipindupindu. Malaria si ugonjwa uliosahaulika, najua, usinikosoe, ila dawa ni ile ile ya matende na upele, na ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani, walioigundua, Satoshi Ōmura na William Campbell, wakapewa Nobel 2015. Dawa moja, kazi nne. Ndo mlango wa pili huo.

Ukipenda kukaa katikati ya wa kwanza na wa pili kuna emodepside. Hii ilikua dawa ya minyoo ya paka na mbwa, mpya kwa binadamu. Ilijaribiwa hapo Pemba, jirani zetu kabisa, na matokeo ya 2023 yalionyesha dozi ya miligramu 5 inaponya mjeledi asilimia 85 ilhali albendazole ilipata 17. Wengine waliumwa kichwa, kizunguzungu, macho yakaona ukungu, lakini mengi yalikua mepesi na yakapita. Mtu wa Mombasa anaependa dawa mpya lakini hataki kuhamia Uswisi, Pemba hapo.

Dawa ni zile zile, njia ndo tofauti

Mlango huu watu wanaudharau. "Hiyo si utafiti, hiyo ni kugawa dawa." Haya, ngoja nikupe namba za Kwale tena. Jaribio la TUMIKIA lilifanyika 2015 mpaka 2017, dawa ni albendazole ya kawaida kabisa, tofauti ni nani anapewa. Maeneo ya kundi la kwanza walipewa watoto wa shule pekee mara moja kwa mwaka, kundi la pili kila mtu nyumba kwa nyumba mara moja, kundi la tatu kila mtu mara mbili. Baada ya miaka miwili safura kundi la shule ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. La nyumba kwa nyumba mara moja kutoka 17.9 hadi 8.0. La mara mbili kutoka 20.6 hadi 6.2. Kidonge ni kile kile cha shilingi chache! Aliyekua anabeba safura ni mama na baba shambani, na sisi miaka yote tulikua tunamtibu mtoto peke yake, anarudi nyumbani anakanyaga udongo ule ule.

Kwa hivyo ukiniuliza ni utafiti gani umeniambia kitu nisichokijua kuhusu Pwani, mi nitaitaja TUMIKIA kabla ya fexinidazole. Najua mtu wa kemia atanuna.

Ila ni mlango mgumu kwa namna yake. Chukua Jomvu. Dawa tatu za matende zinapimwa, ivermectin kwa urefu, unamsimamisha mtu kwenye fimbo yenye rangi, DEC kwa umri, albendazole moja. Mtu mzima anajikuta na vidonge saba nane kiganjani. Na wewe unatakiwa umuone akimeza, si akwambie umuachie atakunywa baadae. Umefika asubuhi, mwenye nyumba yuko bandarini tangu alfajiri, vijana wako kwenye viwanda vya Miritini, amekubakia bibi mmoja barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hizi zote za nini na mimi siumwi?"

Hapo ndo utafiti ulipo. Yule bibi anasema kweli, haumwi, minyoo ya matende inakaa mwilini miaka bila dalili na huku mbu wa mitaro na vyoo vya mjini wanaisambaza kwa wajukuu zake. Ukimjibu vibaya, mtaa mzima umeupoteza. Alafu usiku yule aliyekubali akipata homa na kichwa kumuuma, mana vile vijiminyoo vinakufa kwa wingi kwa mpigo, kesho uvumi ushafika mpaka Mikindani kwamba dawa ina sumu, ama ni ya kufunga uzazi. Na aliyepata homa ndo aliyekua anaihitaji zaidi! Kuieleza hiyo kabla, kwa lugha ya pale, kwenye msikiti, kwenye kanisa, kwa chifu, kwenye kijiwe cha bodaboda, na kupima njia ipi imefanya watu wangapi wameze, hiyo ni sayansi kamili na inachapishwa kwenye majarida makubwa kama zingine.

Sasa weka pamoja

Muda: wa kwanza hesabu miaka kumi na zaidi, na molekuli yako inaweza kufa mwaka wa tisa. Wa pili jaribio moja ni miaka mitatu minne mpaka matokeo. Wa tatu hivyo hivyo ama chini yake.

Masomo: wa kwanza bila kemia ya maana ama famakolojia na PhD utakua msaidizi tu. Wa pili wanachukua watu wa maabara, maafisa wa kliniki, wauguzi, wafamasia, watu wa takwimu. Wa tatu unaweza kuingia na digrii ya afya ya jamii, sosholojia, hata jiografia kwa wale wa kuchora ramani. Na kama unazungumza Kidigo ama Kiduruma, milango ya pili na ya tatu hiyo ni sifa kubwa kuliko alama zako za chuo, mana fomu ya ridhaa ikisomwa kwa lugha mtu asiyoielewa vizuri hiyo ridhaa ni ya karatasi tu.

Vibali: yote mitatu unapitia kamati ya maadili na NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Wa pili unaongeza Bodi ya Dawa na Sumu kwa sababu unampa mtu dawa kwa namna isiyozoeleka, na hapo subira inahitajika. Wa kwanza ukiwa bado kwenye visahani ni rahisi, ukifika kwa binadamu ni mgumu kushinda wote.

Pesa: hapa hakuna wa kujigamba. Yote ni kandarasi, ufadhili ukiisha na wewe umeisha. ALIVE ililipwa na Ulaya kupitia mfuko wa majaribio ya dawa wa EDCTP, BOHEMIA ililipwa na shirika la Unitaid. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, programu za magonjwa haya nchi nyingi za Afrika zilitikisika siku chache tu, na mlango wa tatu ndo uliumia zaidi kwa sababu bila ugawaji wa dawa huna cha kutafiti. Wa kwanza una afadhali kidogo, mkemia mzuri akikosa minyoo ataenda kwenye kifua kikuu ama saratani, ujuzi wake haujafungwa kwa ugonjwa mmoja. Kwa hilo naupa heko.

Jina: wa kwanza. Usidanganywe, kwenye mikutano mwenye molekuli ndo anapigiwa makofi. Kama hiyo ni muhimu kwako sema ukweli ndani ya nafsi yako, si dhambi.

Kumuona mtu akipona: wa pili, bila ubishi. Unampima kabla, unampa dawa, unampima baada ya wiki tatu, kioo ni kisafi. Wa tatu unaona asilimia zikishuka, sura huioni. Na kuna jambo ambalo yote mitatu hayagusi vya kutosha, yule mwenye busha tayari ama mguu ushavimba ukawa kama wa tembo, vidonge havimrudishi alipokua. Wa busha anahitaji upasuaji, wa mguu anahitaji kufundishwa kuosha na kutunza ngozi kila siku. Utafiti wa hilo ni mchache na nafasi iko wazi, nani ataichukua sijui.

Kichocho kama unashindwa kuamua

Kuna ugonjwa mmoja unaokupa milango yote mitatu kwa pamoja na uko kilomita chache ukivuka feri ya Likoni. Kichocho cha mkojo Kwale ni cha siku nyingi na Msambweni kumefanyiwa tafiti miongo kadhaa. Dawa ni praziquantel, ya miaka ya 70 kutoka kwa Wajerumani, chungu balaa, tembe kubwa, na ina kasoro mbili: haiui minyoo ambayo bado michanga, na watoto wadogo wa chini ya umri wa shule walikua hawana dozi yao, mama anavunja kidonge na kukisaga akikisia.

Mlango wa kwanza hapo: hatuna dawa ya pili. Dunia nzima inategemea praziquantel, siku minyoo ikiizoea tutakaa tunaangaliana. Anaetaka molekuli mpya yenye maana kwa Pwani, hiyo hapo.

Mlango wa pili: wamechukua ile praziquantel wakabakisha ile nusu ya molekuli zake inayofanya kazi, wakatoa arpraziquantel, kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji, uchungu umepunguzwa, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Kilijaribiwa Kenya kule Homa Bay na Côte d'Ivoire, na mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni mazuri Desemba 2023.

Mlango wa tatu sasa: kidonge kipo, mtoto wa miaka miwili haendi shule, ugawaji wa shuleni haumfikii, je apewe siku ya chanjo kliniki? nyumba kwa nyumba? Na mkojo wake utaupataje saa zile ambazo mayai yanatoka kwa wingi, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, kwa mtoto ambae hajui kukojoa kwenye kikopo akiambiwa? Alieko Mombasa na digrii ya afya ya jamii sai, anaejua kina mama wa huku wanaongea vipi, hili swali ni lake. Mi ningekua na umri wenu ningelichukua hilo.

Kwa vitendo: ingia kwenye PACTR, ile sajili ya majaribio ya dawa ya Afrika, tafuta Kwale, Kilifi, Mombasa, Pemba. Kila jaribio limeandikwa mtafiti mkuu ni nani, taasisi gani, linaanza na kuisha lini. Angalia ambayo bado hayajaanza kuandikisha watu, hayo ndo yanatafuta wafanyakazi. Kilifi KEMRI-Wellcome wana programu yao ya mafunzo, IDeAL, fuatilia matangazo yake. Ukiandika barua usiseme unapenda utafiti, kila mtu anasema hivyo. Sema unasoma kioo cha choo, ama unachora ramani, ama unazungumza Kiduruma, na uko tayari kulala Lunga Lunga.